Lundo la Magongo

Wiki hii wengi wenu mmeniandikia mkiuliza jambo moja tu: je, mlango ulivunjika?

Haukuvunjika. Ningependa kusema ulivunjika, maana mlango ukivunjika mtu anapata ruhusa ya kupiga mayowe. Huu ulifunguliwa taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tulikuwa chini ya kanisa la Waukraine, mjini Hamilton, Kanada, Jumanne alasiri, theluji ikianguka nje. Wachezaji wa Wafua Chuma, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, walikuwa wamejificha humo kukamilisha chama chao, chama walichokisuka kwa siri tangu kiangazi ili siku moja waweze kukaa meza moja na wenye timu bila kutetemeka. Pamoja nao alikuwepo mgeni aliyekuja kwa treni, nahodha wa timu ya mji mwingine, adui yao wa barafuni. Yeye ndiye aliyeunganisha wachezaji wa timu zote. Jina lake mnalo tangu wiki iliyopita. Mwenye timu ya Hamilton, Kanali Haldane Strothers, hakuwa nalo, na alikuwa tayari kutoa chochote alipate.

Meneja alipogonga, kijana Réal Thivierge alichomeka gongo lake la kuchezea kwenye vishikio viwili vya mlango, likawa komeo. Wanaume wakatoka nje kupitia tundu la kushushia makaa, mmoja baada ya mwingine, suti zao zikigeuka nyeusi. Wa mwisho alikuwa Orest Danyluk, kiongozi wao. Alimtazama mkewe, Halyna, aliyesimama jikoni na wanawake wa kanisa akikunja pirohi, vimaandazi vya kujazwa viazi, mimba yake ya miezi minane ikigusa ukingo wa meza.

"Usiseme kitu," Orest alimwambia kwa midomo, bila sauti. Akapotea.

"Fungueni," sauti ikasema tena kule nje, bila hasira.

Bibi Paraska, mkubwa wa jiko lile, alijifuta unga kwenye aproni. Akachomoa gongo, akaliegemeza ukutani kana kwamba ni fagio, akafungua.

Murdo Kinnear aliingia kofia mkononi. Meneja huyu naye alikuwa mchezaji zamani, beki, na pua yake ilikuwa imelala upande kama mlango uliong'oka bawaba.

"Habari za mchana, akina mama."

"Viatu," alisema Bibi Paraska. "Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Kinnear akarudi nyuma, akakung'uta theluji.

"Nawatafuta wachezaji wangu."

"Hapa tunapika."

"Naona. Mnapika cha kulisha jeshi."

"Kuna harusi Jumapili."

"Leo ni Jumanne, mama."

"Ukioa tena wewe, nitakupikia siku yenyewe kabisa."

Wanawake walicheka kidogo. Hata Kinnear alicheka. Halyna peke yake hakucheka. Alikuwa akikunja pirohi ileile kwa mara ya nne na kingo zake zilikataa kushikana.

"Unajua kilichonileta hapa?" Kinnear aliuliza, akitembea polepole kati ya meza. "Meno. Asubuhi hii, mazoezini, kila mtu aliniomba ruhusa atoke mapema. Namuuliza huyu, unakwenda wapi? Kwa daktari wa meno. Yule je? Daktari wa meno. Mama, timu yangu nzima, ukiyakusanya meno yao yote hayajazi kikombe cha chai. Na leo wote wanaumwa meno."

Akachungulia sufuria moja, akaendelea.

"Nikaenda kuwauliza madereva wa teksi. Mmoja akaniambia kamleta mtu hapa kutoka kituo cha treni. Mtu mwenye mikono kama yangu." Aliiinua mikono yake, vidole vimepinda. "Huyo naye alikuja kung'olewa jino?"

Mwiko ulianguka kutoka kwenye meza ya Halyna. Kinnear akauokota, akampa kwa adabu. Ndipo alipoliona gongo ukutani.

Alilichukua. Akalipima mkononi, akaugeuza utepe wake kwenye mwanga, akaunusa. Kisha akavaa kofia.

"Bibi Danyluk," alisema. "Kesho asubuhi gari litakuja kukuchukua nyumbani. Kanali angependa uje utazame mazoezi pamoja naye."

"Wake za wachezaji hawaji mazoezini," alisema Halyna, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Kesho atakuja mmoja."

Akaondoka, na gongo begani.

* * *

Jioni ile Orest alisimama kwenye sinki la jikoni kwake akijisugua makaa masikioni. Réal alikuwa amekaa kwenye kiti cha Halyna, ameinamisha kichwa. Alikuwa na miaka ishirini, na mabao mengi kuliko mtu yeyote katika timu, na bado alikuwa akimpigia mama yake simu kila Jumapili kule Québec.

"Nimefunga mabao yote kwa gongo lile," alisema. "Tangu Oktoba."

"Huyu analilia gongo," Orest alimwambia mkewe. "Tumenusurika kufa, yeye analilia kipande cha mti."

"Kaka, wewe ni beki. Wewe ungeweza kucheza hata na kipande cha dirisha."

"Mgeni wetu yuko wapi?" Halyna aliuliza.

"Kwenye treni. Akifika kwake salama, mchana wa Alhamisi wakili wake anapeleka maombi yetu ya kusajili chama kwenye ofisi ya kazi ya serikali, timu zote kwa pamoja. Baada ya hapo wakimgusa mtu, serikali inawauliza."

"Na kabla ya hapo?"

Orest alifunga bomba. Kabla ya hapo, wote watatu walijua. Mkataba ulimfunga mchezaji kwa mwenye timu muda wote miguu yake ingali inaenda. Mwenye timu akitaka, anamtupa kwenye timu yake ndogo ya Kapuskasing, kaskazini kabisa, na hakuna timu nyingine inayoruhusiwa kumchukua. Mwaka juzi beki mmoja aliuliza habari za pensheni mbele ya watu. Kwenye mechi iliyofuata kiti chake kwenye chumba cha kuvalia kilikuwa kitupu, na hadi leo yuko huko huko, anacheza mbele ya wakata miti. Nahodha wa timu nyingine kukutwa akizungumza nao ni kosa kubwa zaidi. Wachezaji wa timu mbili hawakuruhusiwa kusalimiana hata ndani ya treni moja. Jina lile likijulikana, wenye timu wote wangeanguka juu ya kichwa kimoja, na chama kingekufa pamoja naye.

"Aliugeuza utepe," Halyna alisema.

"Nani?"

"Kinnear. Aliugeuza kwenye mwanga. Akaunusa."

Orest na Réal wakatazamana.

Msomaji, hawa watu huzungusha utepe kwenye magongo yao kila mmoja kwa namna yake, na hakuna anayekubali mwenzake amfungie. Réal alianza kwenye ncha akaja nyuma, akamalizia na kifundo kidogo kama shanga. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mchezaji yeyote angelijua gongo lile gizani, kwa kidole. Walikuwa wamefunga mlango wao wa siri kwa kitu kilichokuwa kama sahihi ya mtu, na hakuna hata mmoja aliyelifikiria hilo, kwa sababu kwao gongo si kitu, ni mkono.

"Basi anajua ni langu," alisema Réal.

"Anajua."

"Mbona hajaja kunikamata hapa?"

Hilo ndilo lililowatisha.

"Kesho ukiliona popote," Orest alisema, "usilitazame. Umenielewa, mdogo wangu? Lione kama kuni."

"Nitaliona kama kuni. Shemeji, niombee."

Alipokwenda, Halyna alimshika mumewe kwenye mkono uliolowa.

"Acha, Orest. Mwachie mwingine."

"Nani?"

"Yeyote. Mwenye mke asiye na mimba."

Orest alijaribu kutabasamu. Hakuweza.

* * *

Gari lilikuja kabla ya saa tatu. Kanali Haldane Strothers alikuwa tayari ameketi kwenye viti vya ukumbi wa barafu, peke yake kati ya maelfu ya viti vitupu. Alikuwa mzee mwembamba, na alinyanyuka kumpokea Halyna kama anampokea malkia.

"Keti, binti yangu. Baridi hii si ya mtu wa hali yako." Akamfunika magoti kwa blanketi, akammiminia kakao ya moto. "Mtoto wa kwanza?"

"Ndiyo, bwana."

"Akiwa wa kiume, Mungu ampe miguu ya baba yake."

Halyna alishika kikombe kwa mikono miwili ili kisimwagike.

Chini, wachezaji walikuwa wakizunguka kwenye barafu. Akamwona Orest, naye Orest akamwona. Hatua yake ikakosea kidogo, kisha akaendelea. Réal alikuwa na gongo jipya, jeupe, na alilishika kana kwamba amepewa kijiko cha mtu mwingine.

Kinnear akaingia uwanjani akiwa na koti lake refu na viatu vya kuteleza. Akapuliza filimbi.

"Leo," alisema, na sauti yake ikapanda hadi juu ya paa, "tunacheza kama tulivyocheza bwawani tukiwa watoto. Magongo yote katikati."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja akacheka. Golikipa akauliza kama wataruhusiwa pia kwenda nyumbani mama akiita.

Lakini walitii. Hakuna mmoja kati yao ambaye hakukulia hivyo. Watoto wanatupa magongo yao katika lundo moja, mmoja anafumba macho, anayarusha moja huku na moja kule, na hivyo timu mbili zinapatikana bila ugomvi. Halyna mwenyewe alikuwa amecheza hivyo na kaka zake, kwenye mto ulioganda, amevaa suruali ya babake.

Magongo yakaanguka katikati. Wachezaji wakasimama duara, mikono mitupu.

Ndipo Kinnear akafungua koti lake. Akatoa gongo moja, akalitupa juu ya lundo.

Halyna alikiona kile kifundo kidogo kama shanga.

"Nimebadili mawazo," Kinnear alisema. "Kila mtu na lake. Nikipuliza, nataka mwendo. Wa mwisho anakimbia mizunguko hadi mchana."

Halyna aliinama mbele kitini. Alielewa. Mtu hachagui gongo lake kwa akili. Mkono unakwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda kwenye kitasa cha mlango wa nyumbani. Réal angeweza kuwaza kuni usiku kucha. Filimbi ikilia, mkono wake usingewaza kitu.

Usiiname, aliomba. Bikira Maria, mshike mkono.

Akageuka kumtazama Kanali, na hapo hofu yake ikawa nyingine kabisa. Kanali hakuwa akitazama barafu. Alikuwa akimtazama yeye.

Filimbi ikalia.

Wote waliingia kwa pamoja, mabega kwa mabega, viatu vikikwangua. Halyna alimwona Réal akiinama. Aliona glavu yake ikishuka, ikilipita lile gongo jeupe, ikienda, ikienda, moja kwa moja kwenye lile la zamani.

Glavu nyingine ikaliwahi.

Orest alilinyakua gongo la Réal, akapiga nalo barafu mara mbili, akaondoka nalo mbio bila kutazama nyuma. Réal alibaki ameinama, mkono hewani. Kisha akashika gongo lake jeupe na kukimbia.

Lundo likaisha. Katikati likabaki gongo moja, refu, la beki. La Orest.

Halyna alipumua. Amemwokoa, alifikiri. Mpumbavu wangu, amemwokoa mtoto wa watu. Basi atajitetea, atasema alikosea, atasema chochote.

"Kunywa kakao yako," Kanali alisema kwa upole. "Itapoa."

"Bwana, mume wangu alikosea tu. Walikuwa wanasukumana."

"Murdo alijua tangu jana ni la nani. Hata mimi nilijua, na sijawahi kucheza mchezo huu maishani mwangu." Kanali alikunja miguu yake. "Yule kijana hawezi kuunda chama, binti yangu. Yule hawezi hata kufunga tai. Sikuwa na haja ya kumjua mwenye gongo. Nilitaka kumjua mtu atakayeinama badala yake."

Kakao ikamwagika kwenye blanketi.

"Siwezi kufukuza timu nzima," Kanali aliendelea, akiifuta kwa leso yake mwenyewe. "Jumamosi ningemchezesha nani? Lakini ukiwa na kichwa, mwili wote unafuata. Nilikuwa nawashuku watu watatu. Sasa nina mmoja. Twende juu, kuna joto."

* * *

Ofisi ilikuwa na zulia zito. Orest aliingia na jezi yake na soksi, jasho likimkauka. Kinnear alisimama nyuma yake. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa akitazama dirishani.

"Sitapiga kelele," alisema Kanali. "Nyuma ya mlango ule kuna waandishi wa habari. Nimewaita mimi. Wataingia, nawe utawaambia kwamba hakuna chama Hamilton, hakijawahi kuwepo, na kwamba mnaridhika. Ukisema hivyo, Jumamosi unavaa alama ya nahodha na utaivaa hadi utakapostaafu. Daktari wa mke wangu atamzalisha mkeo."

"Na nisiposema?"

"Kuna treni ya kwenda kaskazini mchana huu." Akageuka kwa Halyna, akainamisha kichwa. "Bibi, mshauri mumeo. Wanaume wakiogopa hufanya ushujaa wa kijinga. Ninyi mna akili zaidi."

Wakatoka, yeye na Kinnear. Mlango ukafungwa.

Orest alipiga magoti mbele ya kiti cha mkewe. Mikono yake, iliyokuwa mikubwa kiasi cha kuficha uso wake wote, aliiweka juu ya magoti ya mkewe.

"Nitasema hakuna," alinong'ona.

"Magazeti yataandika."

"Yataandika."

"Na wale wa timu nyingine wakisoma kesho asubuhi kwamba Hamilton wamekana?"

"Watadhani tumejitoa. Watajitoa nao kabla ya mchana. Mgeni wetu atabaki peke yake na karatasi yake."

"Kwa hiyo kitakufa."

"Halyna, wewe ndiye uliyeniomba niache. Jana tu."

"Nilikuomba."

"Basi ninaacha. Mbona unanitazama hivyo?"

Halyna hakujua anamtazama vipi. Alikuwa anaogopa. Aliogopa Kapuskasing, aliogopa kuzaa bila mtu, aliogopa zulia lile na sauti ile ya upole. Lakini alikuwa pia ameuona mkono wa Orest ukienda kwenye lundo. Ule mkono nao haukuwaza kitu. Ulikwenda wenyewe. Na sasa mkono uleule ulikuwa ukitetemeka juu ya goti lake, chini ya kucha bado kuna makaa.

"Inuka," alisema. "Utapata baridi ya miguu."

Mlango ukafunguka.

* * *

Waandishi walioingia pamoja na Kanali na Kinnear walikuwa wanne, kofia zimesukumwa nyuma, penseli tayari. Mkubwa wao aliitwa Fitch, mzee mwenye kitambi aliyekuwa amewaandika Wafua Chuma tangu Halyna hajazaliwa. Alimkonyeza Orest kirafiki.

"Danyluk, bwana. Tunasikia maneno mtaani. Kipo chama cha wachezaji, hakipo?"

Orest alisimama na soksi zake. Mtu huyu alikuwa akicheza mbele ya maelfu ya watu wakimzomea bila kupepesa jicho. Sasa aliinamisha macho kwenye zulia.

"Hakuna," alisema. "Hakuna cha—"

"Kipo."

Ilikuwa sauti ndogo. Watu wote waligeuka, na Orest akageuka, na Halyna akagundua kwamba sauti ile ilikuwa yake. Hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya wageni. Shuleni alipoulizwa jina lake alikuwa akilia. Alishika mgongo wa kiti.

"Chama kipo," alisema. "Walikutana jana. Mimi niliwapikia."

Kule chini, mtu alikuwa akipiga gongo ubaoni. Halyna alihisi uso wake ukiwaka. Kisha, chini ya hofu ile yote, akahisi kitu chepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Limetoka. Likishatoka haliwezi kurudishwa. Kesho asubuhi kila mji utalisoma, na wale wengine watajua Hamilton haikukana.

Akangoja penseli zianze kuandika.

Hazikuandika.

Fitch alikuwa akimtazama Kanali. Wale wengine walikuwa wakimtazama Fitch. Na mimi niwaambie jambo ambalo Halyna hakuwahi kulifikiria. Timu ikisafiri, watu hawa wanne walisafiri kwenye behewa la Kanali. Walilala kwenye hoteli alizolipa Kanali. Krismasi ikifika, bata mzinga aliyekuwa mezani mwao alitoka kwa Kanali.

Fitch alirudisha penseli mfukoni, taratibu.

"Bibi Danyluk hajisikii vizuri," alisema. "Ni hali yake. Mke wangu naye alikuwa hivyo, anasema hili na lile. Mimi sikusikia kitu. Ninyi mmesikia?"

"Kusikia nini?" akauliza wa pili.

"Nilikuwa nachonga penseli," akasema wa tatu.

Wa nne hakusema neno. Alifunga daftari lake. Wakapita mbele ya Halyna mmoja mmoja, kila mmoja akigusa kofia yake kwa heshima, na yule wa nne alishindwa kuinua macho.

"Subirini," Orest alisema. "Fitch. Umesikia. Nami nasema vilevile alivyosema yeye, kipo. Andika. Andika jina langu."

"Jipumzishe, kijana," Fitch alijibu kutoka kwenye korido. "Bahati njema huko kaskazini."

Kinnear akamshika Orest mkono.

"Twende. Nguo zako ziko chini, zimeshafungwa."

"Naenda na mke wangu."

"Kwa hali ile? Safari ya siku nzima, theluji hii?" Kinnear alizungumza akitazama zulia. "Usinifanye nikuburute mbele yake, Orest. Nakuomba."

"Halyna," alisema Orest.

Hakusema zaidi. Alimtazama kwa namna moja tu, namna ya jana, pale kwenye tundu la makaa, na midomo yake ikafanya maneno yaleyale. Mlango ukafungwa. Hatua zake za soksi hazikusikika kwenye ngazi. Za Kinnear zilisikika, moja baada ya nyingine, hadi zikaisha.

Halyna alitaka kukaa, akaogopa kukaa. Mtoto aligeuka tumboni kwa nguvu.

Kanali akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia kwenye mfuko wa kizibao chake. Kisha akavuta kiti, si nyuma ya meza bali mbele kabisa ya Halyna, akaketi. Hakuwa amekasirika. Hata kidogo.

"Uliwapikia, binti yangu," alisema. "Umesema mwenyewe, na mimi si kama Fitch, mimi husikia, hata nyuma ya mlango. Mpishi huwajua waliokula. Tuna muda wote hadi kesho mchana, wewe na mimi." Akaegemea mbele. "Tuanze na yule aliyekuja kwa treni."